Kuosha baiskeli nyumbani Dodoma: kupukuta, ndoo, mpira au presha?

Watu wengi hapa mjini wakitaka baiskeli itakate wanaipeleka pale zinapooshwa bodaboda. Kijana anawasha mashine, anaimwagia povu, anaipiga maji ya presha, na kabla hujamaliza soda yako baiskeli inang'aa. Mimi siungi mkono jambo hilo, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa ndizo zinazowagharimu watu hela. Lakini kukataa presha peke yake hakumsaidii mtu. Anayeamua kuosha nyumbani bado ana njia tatu mbele yake: kupukuta na kufuta bila maji, ndoo na kitambaa, au mpira wa bomba. Zote ni halali, ila kila moja ina siku yake.

Hali ya hewa yetu ndiyo inayopanga siku hizo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kuishia Aprili, na mvua yote ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Miezi mingine ni jua na upepo. Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya nusu ya mwaka baiskeli yako haina tope, ina vumbi. Na vumbi ni la kupukuta. Tope ndilo la kuosha. Anayemwagia maji baiskeli yenye vumbi kavu anatengeneza tope pale ambapo halikuwepo, kisha analisukuma ndani ya cheni.

| | Kupukuta na kufuta | Ndoo mbili | Mpira wa bomba | Mashine ya presha |
|---|---|---|---|---|
| Maji | Karibu hakuna | Lita 10 hadi 15 | Lita 10 au zaidi kwa dakika | Lita kadhaa kwa dakika |
| Muda | Dakika 10 | Dakika 40, pamoja na kukausha | Dakika 20, pamoja na kukausha | Dakika 5, na hakuna anayekausha |
| Inachotoa vizuri | Vumbi | Tope, jasho, mafuta | Tope zito | Kila kitu, hata grisi |
| Hatari kwa gololi | Hakuna | Ndogo | Ya wastani | Kubwa |
| Wakati wake | Kiangazi | Masika | Masika, kwa mwenye maji mengi | Sishauri |

Mahali baiskeli inapofia

Baiskeli haifi kwa rangi kuchafuka. Inafia kwenye gololi na kwenye cheni. Gololi zipo katika magurudumu yote mawili, kwenye pedeli, pale mikono ya pedeli inapopita kwenye fremu, na kwenye shingo ya usukani. Gurudumu la nyuma kwa kawaida lina gololi 9 kila upande, za robo inchi. La mbele lina gololi 10 kila upande, ndogo kidogo. Zote zinazunguka ndani ya grisi. Grisi hiyo ikiwepo na ikiwa safi, gurudumu linaweza kwenda miaka bila kuguswa.

Sasa angalia kinachoizuia isichafuke. Kwenye Phoenix, Hero au Avon, zile baiskeli ngumu zinazobeba madumu ya maji na magunia ya mkaa kuingia mjini, mara nyingi ni kifuniko chembamba cha bati tu. Hakuna mpira wa kuzuia maji. Baadhi yake zina hata kitundu cha kutilia oili katikati ya gurudumu, kimefunikwa kwa kibati cha springi ambacho kwa baiskeli nyingi kilishadondoka siku nyingi. Kifuniko cha namna hiyo kilitengenezwa kuzuia vumbi na matone ya mvua yanayoanguka kwa uzito wake. Kwa kazi hiyo kinatosha.

Mashine ya presha ni jambo jingine. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa 30 hivi (paundi kwa inchi ya mraba). Kwa kipimo hicho hicho, mashine ya kawaida ya kuoshea magari husukuma maji kwa 1,400 na kuzidi. Kibati hakina uwezo wa kuyazuia maji hayo, na hata mipira ya baiskeli za kisasa za gia haikuundwa kwa presha kama hiyo. Maji yakishaingia hayatoki, kwa sababu kifuniko kilichoshindwa kuyazuia yasiingie kinatosha kabisa kuyazuia yasikauke. Sabuni iliyoingia nayo inaanza kuila grisi.

Ukifungua gurudumu la baiskeli iliyopigwa presha kila wiki unaona mwenyewe. Grisi haina tena rangi yake. Imegeuka nyeupe na nyepesi kama mtindi. Zitoe gololi, zifute, ziviringishe kwenye kiganja mwangani: zilizo nzima zinang'aa pande zote, zilizopata kutu zina vidoa vyeusi na vishimo vidogo vinavyoshika ncha ya ukucha. Gololi zenye vishimo zinakwangua kikombe zinachozungukia, na kikombe kikishaharibika, kubadilisha gololi peke yake hakusaidii. Hapo fundi anakwambia ununue haba nzima, yaani kitovu cha gurudumu, na kusuka gurudumu upya.

Huhitaji kufungua kitu kujua umefika wapi. Nyanyua gurudumu lisiguse chini, weka vidole vya mkono mmoja juu ya foki, na kwa mkono wa pili lizungushe polepole. Likiwa zima, vidole havisikii kitu. Likiwa limeingia mchanga au kutu, utausikia mkwaruzo ukipita kwenye chuma hadi vidoleni hata kabla masikio hayajasikia. Fanya kipimo hiki kila unaposafisha. Ni bure na kinachukua sekunde chache.

Kama ni lazima kabisa utumie presha, labda baiskeli imetoka kwenye tope la mbugani na fremu haionekani, mwambie kijana asimame mbali, hatua mbili kamili, na asielekeze bomba pembeni mwa magurudumu, kwenye pedeli wala shingoni. Apige fremu, madigadi na matairi basi. Usione aibu kumsimamia.

Kupukuta na kufuta: njia ya kiangazi

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa Dodoma kuanzia Mei hadi mvua zinaporudi, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwa sababu haina povu.

Unahitaji brashi ya kupakia rangi ya inchi mbili, ambayo haijawahi kutumika kwenye rangi, mswaki mkuukuu, na vipande viwili vya fulana ya pamba iliyochakaa. Simamisha baiskeli nje, wewe ukae upande ambako upepo unatoka, na ufunge kitambaa puani. Watu hulisahau hili la pua, lakini vumbi la hapa ni laini sana na ukilipukuta kila wiki unalivuta kila wiki.

Anza na brashi, usianze na kitambaa. Vumbi ni mchanga uliosagika, na chembe zake ni ngumu kuliko rangi ya baiskeli. Ukilifuta kabla ya kulipukuta unaisugua rangi kwa msasa, ndiyo maana baiskeli nyingi nyeusi zina ukungu wa mikwaruzo juu ya bomba la juu hata kama hazijawahi kuanguka. Pukuta kutoka juu kwenda chini: tandiko, usukani, fremu, kisha keria na madigadi. Mswaki unaingia kwenye maungio ya breki na katikati ya spoku. Fulana ya kwanza unafutia ikiwa kavu. Ya pili unailowanisha kidogo, unaikamua hadi isidondoke, unapitisha kwenye rimu pale mipira ya breki inapobana, maana vumbi likikaa hapo breki zinakwaruza na kulika.

Ukiwa umeinama hapo chini, tembeza macho kwenye tairi lote. Mbigili za huku zinaingia kidogo kidogo. Leo imechoma nusu, kesho ukipita kwenye jiwe inafika kwenye tyubu. Itoe kwa koleo dogo ukiwa nyumbani, badala ya kuja kusukuma baiskeli juani.

Basi. Dakika kumi, maji hayafiki hata kikombe, na gololi hazijui kama umeosha. Kwa anayenunua maji kwa dumu, au anayeishi na mgao na kuhifadhi kwenye simtanki, hakuna mjadala.

Udhaifu wake upo. Haitoi mafuta yaliyogandamana, haitoi jasho na chumvi yake kwenye usukani na bomba la juu, na kwa tope haifai hata kidogo: ukikwangua tope kavu unaondoka na rangi.

Ndoo mbili: njia ya masika

Kuanzia Desemba mambo yanageuka. Ukitoka upande wa Bahi, ule mfinyanzi mweusi wa mbugani unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Ukishuka kutoka Kondoa unakuja na tope jekundu ambalo likikauka linashika kila pembe. Hapo maji hayaepukiki.

Nasema ndoo mbili na si moja kwa sababu ndoo moja inageuka uji wa mchanga kwenye gurudumu la kwanza, na baada ya hapo kila ukichovya kitambaa unarudisha mchanga kwenye rangi. Ndoo ya kwanza nusu, yenye sabuni. Ya pili nusu, maji matupu ya kusuuzia kitambaa na baiskeli. Kama maji ni ya shida, chukua maji ya mwisho ya kusuuzia nguo uyatumie kulainisha tope la mwanzo, yale safi uyabakize kwa suuzo la mwisho.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chakula, inatosha. Sabuni ya unga inatakatisha, lakini ni kali. Inafifisha aluminiamu na isiposuuzwa sawasawa inaacha unga kwenye maungio. Ya mche si mbaya, ila inabidi uisugue kwenye kitambaa, na kwa maji yetu yenye chumvi povu lake ni la tabu. Dawa za kung'arishia nguo nyeupe zisikaribie baiskeli, zinaleta kutu kwenye chuma kwa haraka ya ajabu.

Osha kivulini, kausha juani. Ukiosha juani sabuni inakauka kabla hujasuuza na inaacha madoa. Mimina maji kwa kopo kutoka juu, tope lilainike lenyewe, usilikwangue. Baada ya dakika chache linateremka. Halafu dodoki au sponji laini kwenye fremu, brashi ngumu kwenye matairi na chini ya madigadi, na kitambaa tofauti kabisa kwa ajili ya cheni na meno yake. Hiki cha cheni kisirudi kwenye fremu wala kwenye rimu. Kwenye magurudumu, maji yateremke kupitia spoku. Usiyarushe kwa nguvu kwenye kitovu cha gurudumu.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo maelezo ya watu wa kwingine hayaligusi. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi. Ukiyaacha yakaukie kwenye baiskeli yanaacha alama nyeupe, na penye mkwaruzo wa rangi kutu inaanza mapema. Kwa hiyo kukausha si pambo. Inyanyue baiskeli uidondoshe chini taratibu kwa matairi mara mbili tatu, maji yaliyojificha yadondoke. Futa kwa fulana kavu. Ichomoe nguzo ya tandiko kama inachomoka kirahisi, uipindue fremu maji yaliyoingia yatoke. Kisha isimamishe juani hadi ikauke kabisa. Ndiyo sababu ni vizuri kuosha asubuhi: ukiosha saa kumi na mbili jioni na kuingiza ndani, unailaza na maji.

Mpira wa bomba

Hapa sina mengi. Kama una bomba linalotiririka na tope ni zito, mpira unaokoa muda, na ukiuacha maji yateremke bila kuuziba kwa kidole gumba hauna madhara makubwa. Ukiubana kwa kidole unatengeneza presha ndogo, na yale niliyosema kuhusu gololi yanarudi. Tatizo lake kubwa huku ni ujazo: kwa lita 10 kwa dakika, dakika tano ni zaidi ya madumu mawili ya lita 20. Mimi nikiwa na madumu mawili naosha baiskeli tatu kwa ndoo.

Cheni: mafuta ya taa, dizeli, petroli au sabuni?

Njia yoyote utakayochagua kwa fremu, cheni inahitaji uamuzi wake, na hapa ndipo naona hatari halisi majumbani.

Petroli iondoe kwenye orodha. Inasafisha haraka, ni kweli, na inapatikana kila kona kwa sababu ya bodaboda. Lakini hutoa mvuke unaoshika moto hata kukiwa na baridi, ni mzito kuliko hewa, na unatambaa chini hadi ulipo moto. Nyumba zetu nyingi jiko la mkaa liko uani pale pale tunaposafishia baiskeli. Huhitaji kumwaga petroli karibu na jiko. Mvuke utalifuata jiko lenyewe.

Mafuta ya taa ndiyo chaguo langu. Hayashiki moto kirahisi kama petroli, ingawa kwenye jua la Dodoma nayo yakae mbali kabisa na moto na sigara. Yanayeyusha oili iliyoganda na kukauka bila kuacha utando mkubwa. Kikombe cha chai kinatosha cheni moja. Dizeli nayo inayeyusha vizuri, ila inaacha ute wa mafuta, na ute huo kwenye upepo wetu ni mtego wa vumbi. Ukilazimika kuitumia, malizia kwa sabuni.

Sabuni ya vyombo na maji ya moto inafaa kwa cheni isiyochafuka sana, na ni salama kwa nyumba yenye watoto. Shida yake ni kwamba maji yanaingia kwenye maungio ya cheni, kwa hiyo lazima ikauke kabisa juani na kupakwa oili siku hiyo hiyo. Ukiiacha mpaka kesho utaikuta na rangi ya chungwa.

Mafuta ya taa yaliyobaki usiyarudishe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Watoto hunywa, na yakiingia mapafuni ni hatari kubwa. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Yale machafu yaache kwenye kopo yatulie, uchafu ushuke, ya juu utatumia tena. Masalia yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kisima.

Namna ya kuifuta: loweka kitambaa, kizungushe kwenye cheni, halafu zungusha pedeli kinyumenyume. Shika ule upande wa chini wa cheni, karibu na gurudumu la nyuma. Ukizungusha kinyume, hapo cheni inatoka kwenye meno na kuuacha mkono wako, haiuvuti kuelekea kwenye meno. Fulana itatoka nyeusi tii mara ya kwanza. Geuza upande, itatoka kahawia. Geuza tena hadi ikaribie kutoka safi. Usizungushe pedeli kwenda mbele huku kitambaa kiko mkononi, hata mara moja. Kitambaa kikinaswa kinakwenda na kidole, na gurudumu zito la Phoenix likishapata mwendo halisimami kwa sababu umepiga kelele. Watoto waoshe fremu na madigadi. Cheni ifanywe na mtu mzima, au na mtoto mkubwa ukiwa umesimama hapo.

Kabla hujaipaka oili, pima kama bado inafaa kuisafisha. Weka rula kwenye cheni, sifuri ikiwa katikati ya pini moja. Cheni ambayo haijalika ina pini inayoangukia sawasawa kwenye inchi 12. Ikiwa pini hiyo imevuka kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, baiskeli ya gia inataka cheni mpya. Baiskeli isiyo na gia inavumilia hadi moja ya nane. Ukiendelea nayo zaidi ya hapo inakula meno, na meno ni ghali kuliko cheni.

Baada ya kusafisha, upake nini?

Oili chafu ya injini ndiyo inayopakwa zaidi kwa sababu ni ya bure pale gereji. Inalainisha, lakini tayari ina masizi na vumbi la chuma kutoka kwenye injini, na si nzuri kwa ngozi. Ukiizoea miaka mingi inaweza kuleta saratani. Oili mpya ya injini, hata chupa ndogo mnayochangia watatu, ni bora zaidi kwa mbali. Ni nzito, kwa hiyo inafaa masika, cheni inapopigwa maji.

Kiangazi napendelea mafuta ya cherehani. Ni mepesi, yanaingia ndani ya maungio na hayabaki mengi nje ya kukusanya vumbi. Udhaifu wake ni kwamba yanaisha mapema, inabidi urudie kila wiki kama unatembea sana. Yapo mafuta maalumu ya cheni za baiskeli kwa mazingira ya vumbi, na mwenye uwezo ayanunue. Kwa cheni ya gia yanalipa.

Grisi usiipake nje ya cheni. Kazi yake iko ndani kwenye gololi. Nje inashika mchanga, na grisi yenye mchanga ni dawa ya kusagia chuma. Na mafuta ya alizeti, pamoja na kwamba tunayakamua wenyewe na kila nyumba inayo, yaende jikoni. Kwenye cheni hukauka yakawa gundi.

Kipimo ni tone moja kwa kila ungio, cheni ikizunguka, usubiri dakika chache, halafu ufute nje yote kwa kitambaa kikavu. Watu wanaona uchungu kuyafuta mafuta waliyoyanunua, lakini yanayofanya kazi yako ndani. Ya nje yanakamata vumbi la njiani tu.

Breki zisiguswe na mafuta yoyote. Kwenye baiskeli ya breki za mipira, rimu ifutwe kwa kitambaa ambacho hakijawahi kushika oili. Kwenye Phoenix mipira inabana rimu kutokea ndani, upande wa spoku, kwa hiyo pafute huko pia. Kwenye breki za diski, hata alama ya vidole vyenye mafuta inapunguza nguvu. Safisha diski kwa spiriti na usipulizie dawa ya kopo karibu nayo. Kabla hujapanda, sukuma baiskeli kwa mguu, bana breki moja moja. Rimu yenye maji inachelewa kushika, na kwenye mteremko hakuna nafasi ya kugundua hilo.

Nani achague nini

Mwanafunzi anayekwenda shule kwa Phoenix kwa njia ya vumbi: brashi na fulana kila Jumamosi, mafuta ya cherehani, na ndoo pale tu mvua zinapoanza. Mfanyabiashara wa mkaa au maziwa anayetembea kila siku na mzigo asihangaike na fremu kila wiki. Nguvu zake aziweke kwenye cheni na rimu, na mara moja baada ya masika fundi afungue gololi zote na kuweka grisi mpya. Mwenye baiskeli ya gia anayoitumia mjini, ya mtumba au mpya, afuate njia ya ndoo mbili, mara moja kwa mwezi, na kupukuta katikati, na azidishe uangalifu kwenye meno ya nyuma, kwa sababu vumbi hujibana katikati ya kaseti, yaani lile rundo la meno, na ni mswaki tu unaofika huko. Mwenye baiskeli ya umeme asifikirie presha hata kidogo: betri ichomolewe, soketi zifunikwe, na kitambaa chenye unyevu kitoshe.

Na kama baiskeli yako imekuwa ikienda kwenye presha siku zote, usisubiri ianze kulia. Ipeleke kwa fundi wiki hii, mwambie afungue magurudumu mawili na pedeli mbele ya macho yako. Grisi ikiwa nyeupe, aioshe yote kwa mafuta ya taa na kuweka mpya. Gololi ikionekana na vishimo hata moja, abadilishe zote za upande huo kwa saizi ile ile, asichanganye mpya na za zamani, kwa sababu mpya ni kubwa kwa unywele na ndizo zitakazobeba mzigo wote peke yake. Akimaliza kufunga, rudia kile kipimo cha vidole kwenye foki kabla hujamlipa.